Insha ya Uhakiki na Swali Lake: Mfano wa Kinjeketile

Insha ambayo mwanafunzi huandika juu ya Kinjeketile, tamthilia ya Ebrahim Hussein iliyochapishwa mwaka 1969, hutambulika kabla ya kusomwa. Ukurasa wa kwanza hueleza maisha ya mwandishi. Wa pili na wa tatu husimulia Vita vya Maji Maji, vya 1905 hadi 1907, na mateso ya watu katika mashamba ya pamba ya Wajerumani. Kisha hufuata muhtasari wa tamthilia, onyesho baada ya onyesho. Baada ya hapo hupangwa dhamira, ujumbe, migogoro, wahusika, mandhari na matumizi ya lugha, kila kipengele chini ya kichwa chake kilichopigiwa mstari. Mwishoni huja hukumu kwamba msanii amefaulu kifani na kimaudhui, na kwamba jamii inafunzwa kuwa umoja ni nguvu. Mwalimu akiisoma insha kama hiyo huenda asione pa kuweka wino mwekundu. Tatizo lake ni kwamba ingeweza kuandikwa na mtu ambaye hajapata kuifungua tamthilia yenyewe.

Makala hii inahusu tatizo hilo. Haikusudii kutoa kanuni mpya za kuandika insha, kwani kanuni zimekwisha kuwa nyingi, na wingi wake ni sehemu ya ugonjwa. Inakusudia kuonyesha, kwa kutumia tamthilia hiyo moja, kwamba uhakiki huanza pale msomaji anapokwama katika matini na kukubali kuuliza sababu ya kukwama kwake.

Urithi wa aina mbili

Mwanafunzi wa Kongo anayeandika juu ya fasihi ya Kiswahili amerithi mambo mawili ambayo hayakutoka nyumba moja. La kwanza limetoka Dar es Salaam. Baada ya Azimio la Arusha la 1967, wahakiki wa Tanzania walitaka fasihi isomwe kama sauti ya jamii inayojijenga. Walikuwa na sababu nzuri. Mjadala mwingi juu ya ushairi wa wakati huo ulihesabu vina na mizani, na mara nyingi ukaishia hapo. Kugawa kazi ya sanaa katika fani na maudhui kulikuwa njia ya kumlazimisha msomaji aulize kazi hiyo inasema nini, inamsemea nani, na kwa umbo gani. Vitabu kama Fasihi na Sanaa za Maonyesho cha Penina Muhando na Ndyanao Balisidya, kilichotoka mwaka 1976, vilifundisha vizazi vya walimu kutazama mambo yote mawili kwa pamoja. Lakini kilichokuwa silaha ya mabishano kiligeuka, kilipoingia katika madarasa na katika vijitabu vya kujitayarishia mitihani, kuwa fomu ya kujazwa. Fomu ina tabia moja: hairuhusu nafasi ibaki wazi. Ikiwa kuna mstari wa «falsafa ya mwandishi», mwanafunzi ataandika falsafa, iwepo isiwepo.

Urithi wa pili umetoka Ufaransa na kupitia Ubelgiji. Shuleni, mwanafunzi huyo amefundishwa kwa Kifaransa, na katika Mtihani wa Taifa wa kumaliza sekondari ametungishwa insha ya hoja, ile ambayo wanafunzi wenyewe huiita disertasio. Humo hufunzwa hatua tatu: kuunga mkono kauli, kuipinga, kisha kuzipatanisha pande mbili. Pamoja na hiyo alifunzwa ufafanuzi wa matini, zoezi lililopata nguvu katika shule za Ufaransa mwanzoni mwa karne ya 20 kwa juhudi za Gustave Lanson na wafuasi wake, ambamo kipande kifupi husomwa mstari kwa mstari.

Kati ya mazoezi hayo mawili ya Kifaransa, la pili lina faida kubwa zaidi kwa uhakiki, na ni jambo la kusikitisha kwamba mwanafunzi akishaingia katika darasa la Kiswahili huliacha mlangoni kana kwamba ni mali ya lugha nyingine. Disertasio huja naye, tena na hila yake mbaya kuliko zote: ile ya kuipinga kauli kwa sababu tu zamu ya kupinga imefika. Matokeo yake ni insha yenye viwiliwili viwili. Utangulizi na hitimisho vimevaa nguo za disertasio. Katikati zimejipanga fani na maudhui. Msomaji huvuka kutoka upande mmoja hadi mwingine bila daraja.

Kutoka mada hadi swali

Maswali ya mitihani yenyewe hayamsaidii mwanafunzi. «Jadili dhamira katika Kinjeketile» si swali. Ni agizo la kuorodhesha. Mwanafunzi aliyepewa agizo hilo hana kosa akileta orodha. Atataja ukoloni, unyonyaji, imani, usaliti na umoja, na kila dhamira ataipa aya moja na mfano mmoja. Hakuna aya itakayoihitaji nyingine. Ukiondoa ya tatu na kuiweka mahali pa ya tano, insha haitaumia. Hicho ni kipimo rahisi ambacho mwalimu yeyote anaweza kukitumia: insha ambayo aya zake zinaweza kupangwa upya bila hasara haina hoja ndani yake.

Basi swali litoke wapi? Litoke mahali ambapo matini inamsumbua msomaji. Katika Kinjeketile mahali kama hapo si pachache, na pamoja panastahili kuangaliwa kwa utulivu.

Kinjeketile, baada ya kuingia mtoni na kutoka, analeta kwa watu habari ya maji yatakayowakinga na risasi za Wajerumani. Makabila yaliyokuwa yakishukiana yanakusanyika. Katika maneno yale yale ya ukombozi, anasema kwamba Wajerumani wakiondoka watu watakuwa chini ya Seyyid Said. Wanafunzi wengi hupita hapo bila kusimama. Msomaji anayesimama atakumbuka kwamba Seyyid Said, mtawala wa Omani na Unguja, alifariki mwaka 1856, karibu miaka 50 kabla ya vita hivyo. Watu wanaahidiwa kutolewa katika mikono ya mtawala mmoja na kutiwa katika mikono ya mwingine, naye ni marehemu. Jina hilo Hussein hakulibuni: limo katika masimulizi ya wazee juu ya vita hivyo. Angeweza kuliacha. Hakuliacha, bali amemfanya Kinjeketile mwenyewe aingiwe na wasiwasi juu ya ahadi hiyo, na juu ya chanzo cha maneno aliyoyatamka: ni ya mzimu Hongo, au ni yake? Anataka watu wangoje. Watu hawangoji. Vita vinaanza bila idhini ya yule ambaye maneno yake ndiyo yaliyovizaa.

Hapo ndipo penye swali, na linaweza kuandikwa kwa mstari mmoja: katika tamthilia hii, neno ni mali ya nani mara linapokwisha kutamkwa? Mwanafunzi akiwa na swali hilo mkononi, fani na maudhui vinaacha kuwa visanduku. Mandhari ya mto si tena jambo la kutajwa kwa sababu kuna mstari wa mandhari; ni mahali ambapo neno limetoka bila shahidi, na ndiyo maana hakuna awezaye kulithibitisha wala kulikanusha. Wahusika wanaoitwa kwa majina ya makabila yao tu wanaonyesha umma unaolipokea neno kwa pamoja kabla ya kila mtu kulipima peke yake. Kitunda, kiongozi wa mapigano na mtu wa karibu wa Kinjeketile, anafaa kutazamwa kwa namna anavyosimama kati ya mwenye neno na wenye kulitekeleza, wala haitoshi kumwita «mhusika msaidizi».

Jibu la swali hilo ndilo linaloitwa hoja, na hoja lazima iwe ya namna ambayo msomaji mwingine, mwenye akili na mwenye kitabu mkononi, anaweza kuikataa. «Umoja ni nguvu» haikataliwi na mtu. Tena, kwa tamthilia hii, si kweli hata kidogo kwamba hilo ndilo lisemwalo. Umoja umo, nao una nguvu ya kuyakusanya makabila. Lakini umejengwa juu ya kauli ambayo msemaji wake mwenyewe hana hakika nayo, na wenye kuilipia ni wale walioiamini kuliko yeye. Mwanafunzi anayeandika kwamba Hussein anausifu umoja amesoma methali, hakusoma tamthilia. Anayeandika kwamba Hussein anauliza gharama ya umoja uliozaliwa na neno lenye shaka amesema jambo linaloweza kubishaniwa, na sasa ana kazi ya kulithibitisha.

Na hapa ile hatua ya pili ya disertasio, inayodharauliwa kwa haki inapofanywa kwa zamu, inapata maana ya kweli. Hoja hiyo ina adui ndani ya tamthilia yenyewe, nao ni mwisho wake. Kinjeketile, akiwa mikononi mwa Wajerumani baada ya kushindwa, anatakiwa aseme kwamba maji yalikuwa uongo. Anakataa. Anakataa si kwa sababu ameirudia imani, bali kwa sababu anajua adui atalifanyia nini kanusho hilo: watoto watakaokuja wataambiwa kwamba mababu zao walikosea kupigana. Kwa hiyo neno lenye shaka linageuka kuwa urithi unaostahili kulindwa. Insha inayotaja gharama ya umoja na kuunyamazia mwisho huu imeficha ushahidi. Insha inayoukabili italazimika kubadili hoja yake, pengine kwa kusema kwamba tamthilia inatofautisha ukweli wa neno na kazi ya neno, na kwamba Kinjeketile anaanza kwa kuhangaikia la kwanza na kuishia kwa kulinda la pili. Hoja iliyobadilika hivyo katikati ya insha ni alama ya msomaji aliyesoma hadi ukurasa wa mwisho, na mwalimu asiihesabu kama kujipinga.

Sikio la nyumbani

Kuna jambo ambalo vitabu vya mwongozo haviwezi kumpa mwanafunzi, nalo ni masikio yake. Hussein analipa neno uhai: linazaliwa, linakua, linamzidi aliyelizaa. Mara nyingi mwanafunzi huandika hapo «tashihisi» na kuendelea na safari. Jina la tamathali limepatikana, maana haijaguswa. Lakini Kiswahili kina mengi ya kusema juu ya neno. Neno ni tamko, na neno ni jambo: mtu akiambiwa «hapana neno», haambiwi kwamba kuna kimya, anaambiwa kwamba hakuna tatizo. Na mwanafunzi wa Lubumbashi, ambaye nyumbani husema «ile maneno» akikusudia tukio zima pamoja na matata yake, ana ukaribu na tamthilia hii ambao msomaji wa tafsiri ya Kiingereza, aliyoitoa Hussein mwenyewe mwaka 1970, hana budi kuelezwa. Kwake yeye, kwamba neno likitamkwa tayari limekuwa tukio si fumbo la kishairi. Ni matumizi ya kila siku.

Ajabu ni kwamba mwanafunzi huyo huyo ndiye aliyefundishwa kuyaonea haya matumizi hayo. Kwa kuwa Kiswahili sanifu si lugha aliyonyonya nyumbani, anaogopa kukosea upatanisho wa ngeli, na woga huo una matokeo katika uhakiki wenyewe: ananakili sentensi za mwongozo kwa sababu zinajulikana kuwa salama. Walimu nao wanachangia. Karatasi inayorudi ikiwa na alama za makosa ya sarufi peke yake inamfundisha mwenye nayo kwamba wazo halikusomwa. Hakuna anayedai kwamba insha ya chuo kikuu iandikwe katika Kiswahili cha sokoni. Usanifu una mahali pake, na mtihani ni mojawapo. Lakini kuandika kwa Kiswahili sanifu juu ya kile ambalo sikio la nyumbani limekisikia ni jambo linalowezekana. Inatosha mwanafunzi aandike kwamba katika Kiswahili cha mji wake neno hilo hutumika hivi, kisha aonyeshe jinsi matumizi hayo yanavyofungua mahali fulani pa matini. Huo ni ushahidi, sawa na ushahidi mwingine wowote.

Kuhusu nukuu, machache yanatosha. Nukuu hailetwi ili kuthibitisha kwamba kitabu kimesomwa. Inaletwa kwa sababu kuna neno ndani yake ambalo insha inataka kulishughulikia. Kama baada ya nukuu mwandishi anasema tu «hapa tunaona kwamba» na kurudia yaliyonukuliwa kwa maneno mengine, nukuu ingebaki kitabuni bila hasara. Na muhtasari uwe wa sentensi tatu, kwa kuwa anayesahihisha anaijua hadithi.

Swali la historia ni zito zaidi. Kurasa mbili au tatu juu ya Vita vya Maji Maji huonekana kama ishara ya bidii, na mara nyingi ndizo zilizoandikwa vizuri kuliko zote. Hussein mwenyewe, katika utangulizi wa tamthilia, ametahadharisha kwamba Kinjeketile wake ni kiumbe cha fikra za sanaa na si yule mtu wa historia, Kinjeketile Ngwale wa Ngarambe, aliyenyongwa na Wajerumani mwaka 1905. Tahadhari hiyo haimkatazi mhakiki kutumia historia. Inamtaka aitumie pale tu ambapo tofauti kati ya historia na tamthilia inaonyesha uamuzi wa msanii. Kunyongwa kwa Kinjeketile wa historia mwanzoni kabisa mwa vita ni habari yenye thamani kwa insha, kwa sababu yule wa tamthilia anaachwa aishi hadi ashuhudie kushindwa na kuulizwa swali la mwisho. Kwa nini Hussein alihitaji aishi? Mwanafunzi anayeuliza hivyo ameitumia historia kwa haki. Anayesimulia vita kwa ajili ya kujaza ukurasa amehamia somo lingine.

Matini isiyo na mwongozo

Njia mojawapo ya kupima iwapo mwanafunzi amejifunza kuhakiki ni kumpa matini ambayo hakuna mtu aliyemwandikia majibu yake. Kongo inayo matini ya namna hiyo karibu sana. Mwaka 1965 André Yav, mtu aliyewahi kuwa mtumishi wa nyumbani, alikusanya kwa Kiswahili cha mji huo historia iitwayo, kwa kichwa cha Kifaransa, msamiati wa mji wa Elisabethville. Ni historia ya utawala wa Wabelgiji na ya maisha ya watumishi kama walivyoyaona wao wenyewe. Johannes Fabian aliichapisha mwaka 1990, akisaidiwa na Kalundi Mango katika kazi ya lugha.

Fani na maudhui vikiletwa hapa kama fomu vinapwaya mara moja. Nani mhusika mkuu? Mgogoro uko onyesho la ngapi? Hakuna maonyesho. Hata mipaka ya maneno na ya sentensi, kama ilivyopigwa chapa na wenyewe, haifuati desturi ya vitabu vya shule, na ilibidi matini isomwe kwa sauti na mtu wa lugha hiyo ndipo maana yake ikae sawa. Jambo hilo peke yake lingestahili kuigwa darasani. Mwanafunzi aliyezoea kuupitia ukurasa kwa macho akitafuta dhamira, akitakiwa kuusoma kwa sauti mbele ya wenzake, atagundua mwenyewe mahali pa kukwama: hapa pumzi inakatika, hapa haijulikani nani anasema, hapa neno la Kifaransa limeingia na kukaa kama mwenye nyumba.

Na swali la kwanza limekwisha kuandikwa juu ya jalada. Kwa nini watu waliotaka kuandika historia yao waliiita msamiati? Mwanafunzi mmoja anaweza kujibu kwamba mtumishi wa nyumbani aliujua ukoloni kwanza kama orodha ya maneno ya kuamriwa, na kwamba kuyakusanya maneno hayo ni kuukusanya mji. Mwingine anaweza kumpinga kwa kusema kwamba kichwa cha Kifaransa kiliwekwa ili kitabu kiheshimiwe na wasomi, na hakina uhusiano na yaliyomo. Wote wawili watalazimika kurudi ndani ya matini, kurasa mkononi, kutafuta ni mara ngapi na katika mahali gani Yav anasimama kueleza neno, na ni lini anaacha kueleza na kuanza kusimulia.